Baba wa Kwenye Fremu

Sehemu ya kumi na moja

Tulimwacha Flashi amepiga goti katikati ya njia ya kanisa, kamera usoni, kidole kimegoma kubonyeza.

Mnaofuatilia mnajua kwa nini. Wewe uliyefungia vitunguu gazeti la juma lililopita, shauri yako, ila leo nitakuhurumia. Mpiga picha aliyepangiwa harusi hii aliteguka mguu asubuhi, studio ikamtuma mzee Flashi. Hakujua anakwenda kumpiga nani. Bibi harusi akaingia ameshika mkono wa mjomba wake, na nyuma yao akatokea mama wa bibi harusi. Flashi akavuta lenzi imsogeze karibu. Alikuwa mkewe.

Mke aliyemwacha na kichanga cha miezi miwili, miaka ishirini na sita iliyopita. Alimwambia anakwenda kupiga picha za harusi mji wa mbali na Jumatatu atakuwa nyumbani. Kule akakutana na mwanamke mwingine, na Jumatatu ile ilichukua miaka kumi na moja kufika. Aliporudi, mlangoni alifungua mpangaji asiyemjua.

Basi hesabu hiyo haihitaji mwalimu. Yule mwenye shela ni binti yake wa kumzaa.

"Mzee, wanakupita!" mama mmoja wa kwaya akamnong'oneza.

Kidole kikabonyeza. Miaka thelathini na mitano ya kazi inajua njia yenyewe. Mwanga ukapiga, mama wa bibi harusi akageukia mwanga kama kila mtu anavyogeuka, na macho yao yakakutana.

Hakupiga kelele. Alijikwaa hatua moja, akashika benchi, akaendelea kutembea na tabasamu lile lile. Flashi ndiye aliyeshindwa kuinuka, mpaka yule mama wa kwaya akamsukuma kwa kitabu cha nyimbo.

"Nani anamtoa binti huyu?" aliuliza Mchungaji.

Mjomba akakohoa. "Mimi, mjomba wake, kwa niaba ya baba yake marehemu."

Marehemu! Flashi nusura aangushe kamera. Alikuja kanisani mzima, amekunywa chai yake, kumbe ni maiti.

Mchungaji akaendelea. "Kama yupo mwenye sababu ya kuzuia ndoa hii, aseme sasa."

Flashi hakuwa na sababu ya kuzuia. Alikuwa na neno moja tu la kusema, nalo halikuwamo kwenye ratiba. Alipogeuza shingo alimkuta mkewe amemkazia macho, kidole cha shahada kimesimama juu ya midomo.

Akainua kamera akaficha uso wake. Akampiga binti yake akivishwa pete, akampiga akicheka, akampiga akifuta chozi kwa ncha ya kidole ili asiharibu wanja. Ana mwanya. Mwanya wa marehemu mama yake Flashi, mahali pale pale. Picha hamsini na mbili, na katika zote hakuweza kumwambia lolote zaidi ya "angalia huku".

Wakati maharusi wanasaini cheti, mtu akamshika Flashi kwa mkanda wa kamera, akamvutia nyuma ya mlango wa ofisi ya kanisa.

"Umefufuka lini?" aliuliza mkewe.

"Nani kasema nilikufa?"

"Mimi. Alikuwa na miaka minne, kutwa kucha baba yuko wapi, baba yuko wapi. Nimjibu nini? Kwamba baba alikwenda kupiga picha harusi ya watu na mpaka leo anapiga? Nikakuua. Homa, siku tatu, ukaisha."

"Homa!"

"Ulitaka nikuue kwa simba?"

Flashi akarekebisha mkanda wa kamera shingoni.

"Na nilikuua vizuri," mama akaendelea. "Nilikufanya mwalimu. Mpole. Unambeba mtoto usiku kucha, unamwimbia. Mwanangu anampenda baba yake kuliko anavyonipenda mimi niliyemlea. Sasa wewe usije ukamtolea baba mwingine hapa, tena huyu."

Alipotamka "huyu" alimtazama kuanzia kola mpaka viatu. Viatu vilikuwa vimepigwa rangi, lakini soli unaijua mwenyewe.

"Nimtazame tu," Flashi akaomba. "Sisemi kitu."

"Piga picha zako, kunja nyaya zako, ondoka. Unaniahidi?"

"Naahidi."

Ahadi za Flashi mnazijua, na mama yule anazijua kuliko nyie. Lakini safari hii, wasomaji wangu, aliahidi kwa moyo wake wote, na hilo ndilo litakalomponza.

Nje, kwenye ngazi, ikaja zamu ya picha za ukoo. Kazi hii Flashi anaifanya usingizini. Anaita, watu wanajipanga.

"Familia ya bibi harusi! Mama kushoto. Mjomba panda ngazi moja. Haya, baba wa bibi harusi asimame hapa kulia!"

Lilimtoka kwa mazoea. Alisema hivyo kwenye harusi zote, kila Jumamosi. Mama akafumba macho. Mjomba akatazama pembeni. Bibi harusi peke yake ndiye aliyecheka, kwa upole, kama mtu anayemsamehe mzee wa watu.

"Baba yangu alishafariki, mzee wangu. Hukuambiwa."

"Nisamehe, mama."

"Usijali. Lakini atakuja ukumbini."

"Atakuja?"

"Utamwona. Naomba umpige vizuri kuliko sisi wote."

Flashi akamtazama mkewe. Mkewe naye alikuwa amekodoa macho. Hata yeye hakujua binti yake anazungumzia nini.

Ukumbi ulikuwa wa kupendeza, acheni niseme ukweli. Meza za duara, vitambaa vyeupe vimefungwa fundo nyuma ya kila kiti, keki ya ghorofa tano, taa zinaning'inia, na jua la saa tisa linaingia kwa madirisha marefu likifanya glasi zote zing'ae. Kwenye meza kuu walikaa maharusi. Kulia kwao, mama mkwe, yaani mama yake bwana harusi, mjane, kilemba kirefu, mwanamke wa kuongea mara moja na watu wakahama. Kushoto, mama wa bibi harusi. Na kando ya mama huyu kulikuwa na kiti kitupu, juu yake kitu cha mraba kimefunikwa kitambaa cha hariri.

Hapo lazima niwape jambo moja. Koo hizi mbili zilikuwa hazijazoeana. Posa ilipokelewa nyumbani kwa baba mdogo wa bwana harusi, na mikutano yote ikafanyikia huko. Bwana harusi mwenyewe alifiwa na baba akiwa na miaka minne, hamkumbuki vizuri. Msiniandikie barua kuniuliza mbona hawakutembeleana nyumbani mapema. Hawakutembeleana.

"Mabibi na mabwana," mshereheshaji akanguruma, "bibi harusi ana zawadi kwa mama yake!"

Bibi harusi akasimama na maikrofoni.

"Mama," alisema, "umenilea peke yako. Sijawahi kukosa kitu. Ila leo nilitaka baba awepo. Nilichukua ile picha yake ya chumbani kwangu, nikaipeleka ikakuzwe. Leo baba anakaa karibu na wewe."

Watu wakapiga makofi. Wengine wakaanza kutafuta leso. Mama hakupiga makofi. Alikuwa ameng'ang'ania ukingo wa meza kwa mikono miwili.

"Mpiga picha, sogea!" mshereheshaji akaamuru.

Flashi akasogea, akapiga goti, akajiweka tayari. Moyoni alikuwa anajiuliza picha gani hiyo, maana yeye hana picha. Mpiga picha yupi ana picha? Hata siku yao ya ndoa alijipigia mwenyewe, na kwenye ile picha yumo bibi harusi peke yake, bwana harusi yuko nyuma ya kamera. Labda kuna moja iliyomponyoka. Akajikuta ana hamu ya kujiona.

Bibi harusi akavuta kitambaa.

Ndani ya fremu alikaa mwanamume mwingine kabisa.

Kijana mzuri, masharubu membamba, koti la kijivu, mkono wa kushoto umekunjwa tumboni. Nyuma yake pazia lililochorwa ngazi na nguzo. Flashi alilijua pazia hilo. Alilichora mwenyewe kwa rangi ya nyumba. Na koti alilijua pia, lilikuwa koti la studio yake ya zamani la kuwaazima wateja, kifungo cha chini kimekatika, ndiyo maana mkono umewekwa pale.

Ilikuwa picha ya dirishani! Ile sampuli aliyotundika kwenye kioo cha studio ili wapita njia waone kazi yake. Dereva mmoja wa malori ya masafa marefu aliingia siku moja, akapiga, ikatoka vizuri mno. Flashi akasafisha mbili, moja ya mteja, moja ya kioo. Alipotoroka, mkewe alikusanya vitu vya studio, na mtoto alipolilia sura ya baba, akapewa sura ya dereva.

Flashi akalia ndani kwa ndani. Kufa alikuwa ameanza kukuzoea, lakini hata kwenye kifo chake wameweka mtu mwingine. Na afanye nini? Bibi harusi alikuwa amepiga magoti kando ya kiti, shavu limegusa fremu, anasubiri.

"Tayari, baba?" alimwuliza, kwa heshima ya kumwita mtu mzima yeyote.

"Tayari," akajibu, na kupiga.

Ndipo kiti kikaanguka upande wa pili wa meza.

"Hiyo picha imefikaje hapa?"

Alikuwa mama mkwe. Amesimama, kilemba kimekaa upande. Anapita nyuma ya viti vya watu, anawasukuma mabega, mpaka akafika kwenye fremu akaishika kwa mikono yote miwili.

"Mama, vipi?" bwana harusi akauliza.

"Huyu ni mume wangu. Huyu ni baba yako."

Watu walicheka kidogo, wakidhani ni utani wa wakwe. Mama mkwe hakucheka.

"Picha hii hii ninayo nyumbani, kabatini, chini ya mashuka! Alikuja nayo kutoka safarini. Niliitoa ukutani siku niliyoanza kumshuku. Lile koti silo lake, nikamwuliza la nani, akasema la rafiki. Rafiki! Rafiki mwenyewe ndiye huyu hapa na kitambaa chake cha hariri!"

Kidole chake kilikuwa kimemwelekea mama wa bibi harusi.

"Mama mkwe," bibi harusi akasema taratibu, "umemfananisha. Baba yangu alikuwa mwalimu."

"Mwalimu! Mume wangu alikuwa dereva, mwanangu, na huko njiani alikuwa kila kitu. Mwalimu, mganga, mchungaji, kwa kila mlango na cheo chake. Miaka yote nilijua ana mtoto mahali. Nilimwambia mpaka siku anakata roho, sema, una mtoto wapi, akageukia ukutani." Akageuka kumtazama bwana harusi. "Mwanangu wee. Umeoa dada yako."

Basi! Mhudumu aliyekuwa anamimina maji akaendelea kumimina, glasi ikajaa, meza ikalowa, hakuna aliyemwambia.

Bwana harusi alikuwa ameshika mkono wa mkewe. Flashi, ambaye kazi yake ni kutazama mikono ya watu, aliona vidole vinalegea kimoja kimoja. Akaviona vinaachia.

Na kidole chake mwenyewe, mazoea haya ni mabaya jamani, kikabonyeza. Mwanga ukapiga ukumbi mzima.

"We mzee, huna adabu?" mjomba akafoka. "Unapiga picha msiba wa watu?"

"Nisameheni. Mkono tu."

"Mama," bibi harusi alikuwa amemgeukia mama yake. "Sema. Mwambie si kweli."

Mama wa bibi harusi akasimama.

"Si kweli. Huyo si baba yako."

Ukumbi ukashusha pumzi.

"Enhe!" mjomba akasema. "Mmesikia!"

"Huyu wa kwenye picha si baba yako," mama akarudia. "Ni sampuli ya studio. Nilikupa tu, ulikuwa unalia."

Bibi harusi akamtazama kama hajaelewa lugha. "Umenipa tu?"

"Ulikuwa mdogo, mwanangu."

"Mama, nimeiombea hii picha kila usiku. Nilipofaulu mtihani niliionyesha cheti. Jana niliiaga."

"Picha ya studio!" mama mkwe akapiga kofi. "Mwanamke anaweka picha ya mume wa mtu ndani miaka ishirini, akikamatwa anasema ya studio. Basi baba wa mtoto ni nani? Yuko wapi?"

Mama wa bibi harusi akatazama keki. Hakumtazama Flashi, na kule kutomtazama ndiko kulikomwumiza zaidi. Alikuwa anatunza ahadi kwa niaba yao wote wawili, na binti yao anazama mbele ya macho yao.

Flashi akavua mkanda wa kamera shingoni. Akaiweka kamera mezani, kando ya keki.

"Ni mimi," alisema.

Hakuna aliyesikia. Ikabidi arudie, na mara ya pili ilitoka kwa sauti kubwa kuliko alivyokusudia.

"Baba yake ni mimi!"

Vichwa mia mbili vikageuka. Kisha, sikilizeni, watu wakacheka. Mzee wa flashi, koti limemkaa kama la kuazima, jasho linamtiririka, anasema baba wa bibi harusi ni yeye.

"Kaa chini, mzee," mshereheshaji akasema kwa upole. "Kunywa maji."

"Nasema kweli. Picha hiyo niliipiga mimi. Hilo koti ni la studio yangu, kifungo cha chini hakipo, mwondoeni mkono mtaona."

"Mkono wa picha unaondolewaje?" mtu akauliza, wakacheka tena.

"Sawa," bwana harusi akasema. Yeye hakuwa anacheka. Alikuwa kama mtu aliyeona kamba imerushwa majini. "Tuseme ulimpiga baba picha. Hilo halikufanyi kuwa baba wa mke wangu. Una nini kingine, mzee? Una picha yoyote uko na mama? Uko na mtoto? Hata moja?"

Flashi akajipapasa mifukoni, sijui akitafuta nini. Amepiga picha za watu wasiohesabika, ameweka baba na wana kwenye fremu moja mpaka mgongo umepinda, na yeye mwenyewe hayumo hata kwenye moja.

"Sina," alisema.

"Mjomba, unamjua huyu?" bibi harusi akauliza.

"Miaka ile nilikuwa masomoni ng'ambo. Shemeji sikuwahi kumtia machoni."

Bibi harusi akamgeukia mama yake. "Mama?"

"Ni yeye," mama akasema. Machozi yalikuwa yameanza. "Ni huyo, mwanangu. Hakufa. Alituacha."

Sasa nyie mnadhani mambo yameisha. Mama amekiri, baba amekiri, keki ikatwe. Thubutu! Mwongo hata akisema ukweli haaminiki, na mama huyu alikuwa amejikaanga kwa mafuta yake mwenyewe.

"Mama," bibi harusi akasema, "dakika tano zilizopita nilikuwa na baba mwalimu aliyekufa kwa homa. Sasa nina baba mpiga picha aliyetoroka. Nikuamini lini? Wakati ule au sasa?"

"Sasa."

"Kwa sababu sasa umebanwa." Akanyoosha mgongo, akafuta uso kwa kiganja, wanja ukaenda na kiganja. "Nitamwuliza mwenyewe. Mzee, njoo hapa. Nikiwa mtoto, nikilia usiku, baba alikuwa ananiimbia wimbo mmoja. Mama alinifundisha, naujua mpaka leo, na hakuna mwingine anayeujua. Wimbo gani?"

Flashi akamtazama mkewe.

"Asimwangalie mama yake!" mama mkwe akapaza sauti. "Ageukie ukutani!"

Na kweli wakamgeuza. Mzee mzima, mikono pembeni, uso kwenye ukuta mweupe wa ukumbi, kama mwanafunzi mtoro. Nyuma yake anasikia watu wanapumua. Akajaribu kukumbuka. Akachimba miezi ile miwili yote, chumba kile, kitanda kile, sauti ile ndogo ya mtoto gizani. Wimbo haukuwepo. Kilichokuwepo ni mlango.

Angeweza kubahatisha. Nyimbo za watoto ni nyingi. Lakini alikuwa amemdanganya binti huyu mara moja, kwa ile ahadi ya Jumatatu, na hakutaka kumdanganya tena.

"Sijui," alisema ukutani. "Sikuwahi kukuimbia. Ulipolia nilikuwa natoka nje."

Hakugeuka kumwona. Alisikia gauni tu, ile sauti ya kitambaa kizito kinaporudi nyuma.

"Baba yangu hakuwa hivyo," bibi harusi akasema.

"Mwanangu, hawezi kujua!" mama akalia. "Wimbo ule nilitunga mimi! Baba yule mwenyewe nilimtunga mimi!"

"Na huyu pia umemtunga. Umemtoa wapi, mama? Umemkuta na kamera ukamwambia aseme? Mtoeni huyu mzee. Mtoeni!"

Walinzi wawili wa ukumbi wakaja wakamshika makwapa. Flashi hakupinga. Apinge na nini? Alikuwa amesema ukweli mtupu kwa mara ya kwanza katika maisha yake, mbele ya watu mia mbili, na ukweli wenyewe ndio uliomtoa.

"Ngojeni." Ilikuwa sauti ya Mchungaji, kutoka meza ya wageni. "Ngojeni kidogo. Mnagombana nini? Siku hizi kuna vipimo. Kipimo cha vinasaba. Mzee atoe mate, binti atoe mate, hospitali itasema. Mpaka majibu yatoke, maharusi wakae mbalimbali. Yakitoka kwamba mzee ni baba, ndoa ni halali, tunarudi hapa kumalizia keki."

Mama mkwe akabinua midomo. "Na yasipotoka hivyo?"

"Basi ndoa hii haikuwepo," Mchungaji akasema.

Bwana harusi akasogea mbele ya Flashi. Mtoto wa watu, suti yake nzuri, macho mekundu. "Mzee, sikujui. Lakini kama unasema kweli, wewe ndiye uliyebeba ndoa yangu. Utapima?"

Flashi akahisi miguu inarudi. Kumbe kuna kitu kisichohitaji wimbo, wala picha, wala kuaminiwa! Mwili wake wenyewe utamsemea.

"Sasa hivi," alisema. "Nipelekeni sasa hivi. Hata damu yote mchukue."

Akamtazama binti yake. Bibi harusi alikuwa amekaa sakafuni, gauni limemzunguka, anamtazama. Hakuwa anamwamini. Lakini alikuwa anatamani, hilo Flashi aliliona, na kwake lilitosha.

"Leteni gari!" mjomba akaamuru. Walinzi wakamwachia. Watu wakaanza kusimama, viti vikaburuzwa, kila mtu anaongea, na mshereheshaji akaenda kuzima muziki ambao ulikuwa unapigwa pole pole muda wote huo.

Katika vurugu hiyo mkono ukamshika Flashi kwa nyuma, ukambana kwenye nguzo. Alikuwa mkewe. Wanja umemshuka mpaka kidevuni.

"Kataa," alimnong'oneza.

"Nikatae nini?"

"Kipimo. Kataa. Sema unaogopa, sema una ugonjwa, toroka kama unavyojua kutoroka. Usipime."

"Una wazimu? Kipimo ndicho kitakachomwokoa mtoto! Wanasubiri gari!"

Mama akageuza shingo. Ng'ambo ya meza kuu, mama mkwe alikuwa ameinua fremu kifuani, yule dereva kijana anatazama ukumbi mzima kwa masharubu yake membamba.

"Wewe ulikuwa unasafiri kila mwisho wa juma," mama akasema. "Yeye alikuja kuchukua picha yake, nikampa. Juma la pili akaja tena, na picha alikuwa nayo tayari. Sikujua ana mke. Sikujua hata ukoo wake, Mungu ananiona. Siku ulipotoroka, dirishani kulikuwa na picha kumi na mbili. Unadhani kwa nini nilichukua ile?"

Flashi akaitazama ile fremu.

"Kwa hiyo si wangu?" aliuliza.

"Sijui," mkewe akasema. "Miaka ishirini na sita namtazama usoni kila asubuhi, na sijui."

Mlangoni honi ya gari ilikuwa inapigwa, na bwana harusi alikuwa anakuja mbio kumchukua.